Kalamu ya Mama Nyumbani

Mwaka 1948 Shirley Jackson wa Marekani alitoa “The Lottery”, hadithi ya kutisha iliyompatia sifa. Mwaka huohuo alitoa “Charles”, kisa cha mama na mwanawe. Na visa vya namna hii mara nyingi huhesabiwa mzaha wa jikoni. Sisi hatukubaliani. Kila siku mtoto amsimulia mama utundu wa mwenzake wa darasani. Mwishowe mwalimu asema hana mwanafunzi wa jina hilo. Mtundu ni nani? Jackson hasemi, wala mama hajitetei, twang’amua wenyewe. Ustadi huu si mdogo. Mwana Kupona naye alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, nasi twaufundisha kwa heshima. Basi walimu tusidharau kalamu ya nyumbani.