Msamiati wa Chakula wa Kiingereza kwa Wasemaji wa Kitahiti: Uhakiki

Katika zana zote za kufundishia lugha hakuna inayoaminiwa zaidi na kuchunguzwa kidogo kuliko orodha ya maneno yenye safu mbili. Mwalimu huinakili ubaoni, mwanafunzi huikariri, mfasiri huiweka mezani pake, na mara chache sana mtu huuliza kama neno la kushoto na neno la kulia kweli yanataja kitu kimoja. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki aina moja ya orodha hizo, yaani zile zinazowafunza wasemaji wa Kitahiti maneno ya kwanza ya Kiingereza yahusuyo chakula, pamoja na mazungumzo mafupi ya mezani yanayoambatanishwa nazo. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Kasoro iliyo katika lugha ya jirani yetu tumeizoea mno hata hatuioni. Iliyo katika lugha ya visiwa vya Pasifiki inaonekana waziwazi. Tena, kama itakavyodhihirika, Kitahiti na Kiswahili vina dhana za chakula ambazo Kiingereza hakina.

Kitahiti husemwa katika visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, ambako lugha rasmi ni Kifaransa na Kiingereza ni lugha ya kigeni. Hata hivyo Kiingereza kilikutanishwa na Kitahiti katika maandishi tangu mapema. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Tahiti mwaka 1797 kwa merikebu iitwayo Duff. Biblia iliyofasiriwa chini ya uongozi wa Henry Nott ilikamilika mwaka 1838. Na kamusi ya John Davies ya Kitahiti na Kiingereza ilipigwa chapa mwaka 1851, miaka tisa baada ya Ufaransa kutangaza himaya yake huko. Kazi ya Davies yastahili heshima, lakini imeacha urithi mbaya mmoja. Haikuonyesha ile sauti ya kukata pumzi kooni, ambayo katika Kitahiti ni konsonanti kamili, wala haikutofautisha kwa utaratibu irabu fupi na ndefu. Akademia ya Kitahiti, Fare Vāna'a, iliyoundwa mwaka 1972, huziandika zote mbili. Mtunga orodha anayeendelea kuandika “maa” badala ya “mā'a” anamnyima mwanafunzi wake lugha yake mwenyewe kabla hajampa ya kigeni.

Tuanze na neno hilo hilo. Orodha husema “mā'a” ni “food”, na kwa maana ya jumla hakuna ubaya. Lakini Mtahiti anapokaa kula, chakula chake kina pande mbili. Upande mmoja ni “mā'a” kwa maana yake finyu: shelisheli, magimbi, viazi vitamu, viazi vikuu, au “fē'ī”, zile ndizi za kupika ambazo mkungu wake husimama wima badala ya kuning'inia. Upande wa pili ni “'īna'i”, yaani samaki au nyama inayoliwa pamoja na hivyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi: “'īna'i” ni kitoweo. Sasa tazama orodha inavyofanya. Kwa kuwa Kiingereza hakina neno la kawaida kwa dhana hii, mtungaji huandika “meat”, na kuanzia hapo samaki, ambaye ndiye kitoweo cha kila siku cha watu wa visiwani, ametolewa nje ya neno lake. Wengine huliacha neno lote. Kuliacha ni afadhali kuliko kulipotosha, lakini kwa vyovyote mwanafunzi hafundishwi namna ya kusema kwa Kiingereza jambo analolisema nyumbani kila siku: kwamba magimbi yapo ila kitoweo hakuna.

Wafasiri wetu wanaujua uzito wa jambo hili. Mara ngapi tumeona “kitoweo” kikigeuzwa kuwa nyama katika tafsiri ya Kiingereza, au “mpunga”, “mchele” na “wali” vikiporomoshwa pamoja ndani ya neno moja, “rice”? Dawa yake ni sentensi. Dhana ambayo lugha ya pili haikuipa jina hufundishwa kwa msemo mzima, mathalani “something to eat with the taro”, na safu ya kulia lazima ipanuliwe ipate nafasi ya msemo huo. Orodha isiyokubali zaidi ya neno moja kwa kila upande imekwisha kuamua, hata kabla ya kuandikwa, kwamba lugha zote mbili zimeyagawa mambo ya dunia kwa namna moja.

Jambo la pili linahusu mkate. “Faraoa” ni neno la Kitahiti litokanalo na “flour” la Kiingereza, yaani unga wa ngano. Lakini leo “faraoa” ni mkate, na unga huitwa “faraoa ota”, maana yake mkate mbichi. Hapa pana mtego maradufu. Mwanafunzi aliyefunzwa kuyatambua maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa katika lugha yake, nayo ni mbinu nzuri kwa kawaida, atasikia “flour” na kudhani anatajiwa mkate. Na aliyefunzwa kufasiri neno kwa neno atauita unga “raw bread”. Neno “ota” ndilo hilo hilo linaloonekana katika “i'a ota”, samaki mbichi aliyekatwakatwa akakamuliwa ndimu na kutiwa tui la nazi. Orodha ikiandika “raw fish” na kunyamaza, mgeni atakayeelezwa hivyo mezani huenda akarudisha sahani. Ndimu na tui ndivyo vinavyokifanya chakula kiwe chakula, na maelezo yasiyovitaja si maelezo. Maoni yetu ni kwamba jina la pishi libaki la Kitahiti, na mwanafunzi afundishwe sentensi mbili za Kiingereza za kulieleza, kama vile sisi tunavyobaki na “ugali” wetu tukimweleza mgeni. Ndivyo ifaavyo pia kwa “fāfaru”, samaki aliyelowekwa katika maji ya bahari yaliyochachuliwa, ambaye harufu yake ni kali. Kumwita “rotten fish” ni kumtukana mpishi.

Kutoka kwenye mkate twafika kwenye “'uru”, ambayo Kiingereza huiita “breadfruit”, yaani tunda la mkate. Jina hili lilibuniwa na watu walao mkate, waliokuwa wakitafuta kulinganisha kitu wasichokijua na kile walichokizoea. Nahodha Bligh alitumwa Tahiti kuchukua miche ya mti huu ipelekwe visiwa vya Karibi iwe chakula cha watumwa. Safari yake ya kwanza ilivunjwa na maasi ya mabaharia wa Bounty mwaka 1789, na ya pili ikafanikiwa kufikisha miche huko mwaka 1793. Sisi wa pwani tunaliita tunda hilo shelisheli, jina ambalo pia ni la visiwa, na hakuna kati yetu anayedhani kwamba lazima mkate utajwe ndipo tunda lieleweke. Katika orodha za Kitahiti, “'uru” huwekwa chini ya kichwa cha “fruits”, pamoja na nanasi na chungwa, kwa sababu tu jina la Kiingereza limeishia na “fruit”. Kwa Mtahiti hiyo ni mā'a, chakula cha wanga kinachochomwa motoni au kupikwa katika “ahimā'a”, tanuri la ardhini. Mwanafunzi anayeagizwa ataje matunda matano ayapendayo kisha akaanza na 'uru amefuata kichwa cha orodha; kosa ni la aliyekiandika.

Sasa tuje kwenye nyama, ambako uzembe wa mtungaji waweza kumdhuru mtu. “Pua'a” ni nguruwe. Kabla ya Wazungu kufika, wanyama wa miguu minne waliofugwa Tahiti walikuwa nguruwe na mbwa, kwa hiyo wanyama wageni walipewa majina kwa kumwongezea nguruwe sifa. Mbuzi ni “pua'aniho”, kutokana na “niho”, jino. Farasi ni “pua'ahorofenua”, nguruwe akimbiaye juu ya ardhi. Na ng'ombe ni “pua'atoro”. Nyama ya ng'ombe ya mkebe, ambayo inapendwa sana visiwani, huitwa “punu pua'atoro”. Ubunifu huu wa istilahi ni mzuri mno, nasi wa mabaraza ya lugha tungejivunia kuwa nao. Lakini mtumishi wa nyumba ya wageni aliyefunzwa “pua'a” kuwa “pig”, na hakufunzwa mengine, atamwambia nini mgeni asiyekula nguruwe anapoulizwa kilichomo katika sufuria? Akichambua neno vipande vipande atasema nguruwe ambapo ni ng'ombe. Pengine naye mgeni, akiwa amejifunza neno moja tu la Kitahiti, atalisikia “pua'a” ndani ya “pua'atoro” na kukataa chakula halali. Orodha inapaswa kuyaweka majina haya yote mahali pamoja, ili tofauti yake ionekane, na kando yake pawepo swali na jibu: hii ni nyama gani?

Hatari kubwa zaidi ni ile ya samaki. Katika visiwa hivyo baadhi ya samaki wa miambani huwa na sumu itokanayo na viumbe vidogo sana vya baharini, ambavyo kimojawapo, Gambierdiscus toxicus, kilipewa jina lake mwaka 1979 kutokana na visiwa vya Gambier. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Samaki wa namna hiyo Kitahiti humwita “ta'ero”. Na neno hilo hilo “ta'ero” ni la mtu aliyelewa pombe. Mtungaji anayelipa neno hili maana ya “drunk” peke yake, chini ya kichwa cha vinywaji, amemwacha muuza samaki wa sokoni Papeete bila neno analolihitaji kuliko yote siku mgeni atakapouliza kama samaki huyu analika salama. Katika msamiati wa kwanza wa chakula, “poisonous” na “safe to eat” ni maneno ya somo la kwanza, yatangulie hata keki na peremende.

Kuhusu matamshi hatutasema mengi. Kitahiti kina konsonanti tisa tu, na kila silabi huishia na irabu, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya maneno yetu. Hakina k, s, l, b, d wala g. Ndiyo maana “rice” likawa “raiti”, “butter” likawa “pata”, “market” likawa “mātete” na “pineapple” likawa “painapo”. Mwalimu mwerevu ataanza na maneno haya, maana mwanafunzi amekwisha kuyamiliki nusu, kisha ataonyesha njia ya kuyarudia hadi asili yake. Asipofanya hivyo, na asipotilia mkazo tofauti ya r na l, siku moja mgeni atakaribishwa bakuli la chawa.

Mazungumzo yanayoambatanishwa na orodha hizi ni dhaifu kuliko orodha zenyewe. Karibu yote yanafanyika hotelini: mteja anaomba, mtumishi anajibu, bei inatajwa. Mtahiti kazi yake imekuwa kujibu tu. Lakini desturi ya huko ni kwamba anayekula humwita anayepita njiani, “Haere mai tāmā'a!”, njoo ule, kama vile kwetu mtu asivyoweza kupita mbele ya sinia bila kuambiwa karibu. Hakuna mazungumzo yanayomfundisha Mtahiti kualika kwa Kiingereza, wala kukataa mwaliko kwa adabu. Mwenye kushiba husema “pa'ia”, na mwenye njaa “po'ia”. Irabu moja tu yawatenganisha. Aliyefunzwa “I am full” peke yake hajui kwamba mbele ya mwenyeji mheshimiwa Kiingereza kinapendelea “I have had enough, thank you”.

Tena kuna viwakilishi. Kitahiti hutofautisha “tātou”, sisi sote pamoja nawe unayeambiwa, na “mātou”, sisi bila wewe. Na iwapo watu ni wawili tu, kuna “tāua” na “māua”. Anayesema “E tāmā'a tātou” amekwisha kumtandikia mgeni mkeka. Anayesema “Tē tāmā'a nei mātou” anatoa habari tu kwamba wenyewe wanakula. Kiingereza husema “we” kwa yote manne, na Kiswahili vilevile husema “sisi”. Mwanafunzi aliyezoea mwaliko wake ukae ndani ya kiwakilishi atasema “we are eating” akidhani amekaribisha, na mgeni atapita zake. Hapo ndipo “join us” linapohitajika.

Upande wa sarufi, orodha hazionyeshi kwamba “bread” na “rice” hazihesabiki ilhali “banana” huhesabika. Kasoro hii huondolewa kwa kuandika “a loaf of bread” na “a bowl of rice” tangu mwanzo. Kosa jingine dogo ni la kuandika “miti” mara mbili kurasa mbalimbali, mara bahari na mara mchuzi wa kuchovyea, bila kusema kwamba ni neno moja. Msomaji wetu naye, kwa sababu zake mwenyewe, angetafuta msitu.

Kama tungeombwa kuirekebisha orodha ya namna hii, tungeondoa vichwa vya “fruits”, “vegetables” na “meat” vilivyonakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya, tukaweka mbili tu za kuanzia, mā'a na 'īna'i. Chini ya kila neno tungeandika sentensi moja ya mwenye chakula na moja ya mgeni. Ta'ero tungeliweka ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito.