Penseli ya Mhariri

Kuna mzee mstaafu hapa Shangani, Mtwara, ambaye hasomi gazeti bila penseli. Hupigia mstari jina lililokosewa, hukata neno lililorudiwa, na pembeni huandika maswali. Gazeti limekwisha kuchapwa na kuuzwa, kwa hiyo masahihisho yake hayamfikii mtu. Vijana humcheka. Mimi namwonea wivu, maana mkono ule ulifundwa zama ambazo mhariri alihesabiwa miongoni mwa mafundi.

Kusini tulimtoa mmoja. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi wa mwaka 1938, alitoka Makerere na Kiingereza chake, na mwaka 1966 akakabidhiwa The Nationalist na Uhuru, magazeti ya TANU. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Kuutetea ujamaa kila siku bila kuigeuza kila habari kuwa vigelegele ni ufundi, tena wa hatari. Frene Ginwala, mwanaharakati wa Afrika Kusini, alipewa The Standard lilipotaifishwa mwaka 1970. Mwaka uliofuata, tahariri ya kulaani kunyongwa kwa wakomunisti wa Sudan ikamng'oa kitini. Tahariri moja tu! Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News, na mhariri akawa Mkapa. (Baadaye, akiwa rais, mtu huyohuyo alibinafsisha mashirika ya umma. Hapo simtetei.)

Utotoni mwangu gazeti lilitufikia limechakaa. Masika ikikolea, magari yalikwama Rufiji yakisubiri pantoni ya Ndundu, na habari za Dar zikakwama nayo. Likifika, hakuna aliyelisoma peke yake. Kahawani mwenye macho mazuri alisoma kwa sauti, wengine wakimkatiza: "Hebu rudia hapo." Alirudia. Bei ya korosho ilirudiwa zaidi ya yote, kisha wakabishana kama mwandishi amefika Newala kweli au ameandikia mjini. Tahariri ilisomwa mwisho, polepole, na ubishi wake ulivuka sala ya isha. Habari ilikuwa ya juma lililopita, lakini ilipimwa kama dhahabu.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003. Gazeti sasa halina tena sababu ya kuchelewa, ila watu husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, wakaondoka. Mei 2013, bomba la kupeleka gesi ya Msimbati Dar es Salaam lilipozua ghasia, tulikuwa tukipokezana ujumbe wa simu usio na jina wala saa. Madai ya watu wa Mtwara yalikuwa na uzito, na yalistahili kuandikwa kwa mkono uliotulia. Ujumbe kama ule, mhariri wa 1966 angemrudishia aliyeuleta, akamwamuru apande gari mpaka Msimbati akaulize upya.