Juu ya Neno "Tezi" na Matumizi Yake katika Elimu ya Viumbe

Majina ya viungo vya mwili ni miongoni mwa maneno ya kale katika lugha yo yote, na kwa hiyo elimu mpya inapotafuta istilahi huyaendea hayo kwanza. Kifua cha mtu kimehamishiwa kwa mdudu, na hakuna mwanafunzi aliyepotea njia. Lakini yako maneno ambayo uhamisho wake haukukamilika, nayo yamebaki na mguu mmoja ndani ya elimu na mmoja nje. Neno "tezi" ni mojawapo, na madhara yake hayaishii katika vitabu.

Kwanza tuiweke kando tezi ya mabaharia, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, inayotajwa pamoja na omo. Ikiwa hilo ni neno jingine lenye sauti moja na hili, au ni ndugu yake, ni swali la wachunguzi wa asili ya maneno. Hapa tunashughulika na tezi ya mwilini.

Katika usemi wa watu, tezi ni uvimbe: kitu kilichotokea mahali ambapo hapo awali hapakuwa na kitu. Liko rovu la shingoni, uko mtoki wa kwenye kinena, na uko uvimbe mwingine usio na jina lake. Yote hayo huweza kuitwa tezi. Kwa maana hiyo, mtu mwenye afya hana tezi hata moja.

Mwalimu wa biolojia asema kinyume. Kwake yeye tezi ni kiungo, au sehemu ya kiungo, kinachotengeneza kitu fulani na kukitoa: mate, jasho, machozi, maziwa. Kongosho hufanya kazi mbili, maana humwaga majimaji ya kuyeyushia chakula katika utumbo, na insulini katika damu. Wala jina halikomei kwa wanyama. Katika mikoko ya pwani yetu, mti uitwao mchu hutoa chumvi kwa tezi zilizo katika majani yake, hata mtu akiramba jani huonja chumvi hiyo. Kwa maana hii ya pili, hakuna mtu mwenye afya asiye na tezi. Basi tuna neno moja lenye maana mbili, na maana moja yakanusha nyingine.

Asidhani msomaji kwamba hii ni aibu ya Kiswahili peke yake. Neno la Kilatini ambalo lugha za Ulaya zimelitumia kwa tezi latokana na jina la tunda la mwaloni. Yaani walitazama umbo tu, kidude cha mviringo. Baadaye elimu ikatazama kazi, na tezi ikawa kitu chenye mfereji wa kutolea majimaji. Kisha mwaka 1902 Bayliss na Starling, huko London, walionyesha kwamba utumbo hutia katika damu kitu kinachoiamsha kongosho. Na mwaka 1905 Starling akavipa vitu vya namna hiyo jina la homoni. Ndipo tezi zisizo na mfereji zilipopata maelezo yao. Na yale mafundo ya limfu, ambayo huchuja limfu na kuhifadhi chembe nyeupe za damu, yaliitwa tezi kwa muda mrefu kwa sababu ya umbo lake, mpaka wataalamu wakayatenga. Nasi tumelirithi kosa hilo kila tunapoandika "tezi za limfu".

Hata hivyo, lugha hizo zilianza na umbo. Sisi tumeanza na ugonjwa. Hapo ndipo tofauti ilipo, na mfano wake mkubwa ni "tezi dume". Kiungo hiki kiko chini ya kibofu, kimeuzunguka mfereji wa mkojo, na majimaji yake ni sehemu ya shahawa. Kila mwanamume huzaliwa nacho. Lakini tusikilize usemi wa kila siku: "Mzee ana tezi dume", "dalili za tezi dume", "jikinge na tezi dume". Mtu atajikingaje na kiungo chake mwenyewe? Jina la kiungo limekuwa jina la maradhi, tena maradhi zaidi ya moja. Kwa maana kukua kwa tezi hiyo kwa sababu ya umri si saratani, na saratani yaweza kuwamo pasipo dalili yo yote. Mzee aambiwaye kwamba ana tezi dume hajaambiwa kitu. Naye aweza kwenda nyumbani akiogopa kifo bila sababu, au akitulia mahali pasipofaa kutulia.

Huenda mtu akajibu kwamba ndiyo desturi ya Kiswahili: twasema fulani ana sukari, au ana presha, na wote waelewa. Ni kweli, lakini mfano hautoshi. Sukari twaijua kwa njia nyingine, katika kikombe cha chai. Kwa hiyo ugonjwa haukulimeza neno. Tezi dume watu wengi hawaijui kwa njia nyingine yo yote ila ugonjwa. Hawana maana ya kwanza ya kuegemea.

Dawa ni nini? Baadhi ya watu husema "tezi hili, matezi haya", na wengine "tezi hii, tezi hizi". Ingependeza kuwapa wagonjwa ngeli ya kwanza na wanabiolojia ya pili, lakini wasemaji hawaitunzi tofauti hiyo, wala kamusi haiwezi kuwalazimisha. Mimi naona yafaa mambo matatu. Rovu, mtoki na uvimbe yarudishiwe kazi zake katika vitabu vya afya, maana ni maneno mazuri yaliyokwisha kuwapo. Mafundo ya limfu yaitwe mafundo. Na tezi dume isitajwe kamwe kama ugonjwa pasipo neno la kuutaja: kukua kwa tezi dume, uvimbe wa tezi dume, saratani ya tezi dume.

Mtunga kamusi naye asiifute maana ya watu, kwa kuwa ni ya haki na ni ya kale kuliko ya darasani. Aziandike zote mbili, kila moja kwa nambari yake, na aseme waziwazi kwamba ya kwanza ni hali ya ugonjwa na ya pili ni kiungo cha kila mwenye afya. Maneno machache tu yanatosha kwa kazi hiyo, lakini pasipo maneno hayo daktari na mgonjwa wataendelea kutumia neno moja huku kila mmoja akisema jambo lake.