Sufuria Mbili za Maji

Kabla ya kugusa yai lolote, Mama hugusa ukuta. Ni saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Novemba, mtaani Mwakingali mjini Voi. Mvua imenyesha usiku kucha. Anaweka kiganja ukutani, anakwenda dirishani kuonja upepo, ndipo anapoinama kusoma namba kwenye mashine: 37.5. Anaiandika katika daftari la shule lenye jalada lililopauka. Nilimuuliza mbona asianze na mashine, maana ndiyo yenye mayai. Akacheka.

"Mashine haina hewa yake, mwanangu. Inapika hii ya chumbani."

Watu wengi wanaotaka kuangua mayai nyumbani huuliza nyuzi ngapi, na wakishajibiwa huona wamemaliza masomo. Kwa Mama nilijifunza kwamba joto ndiyo sehemu nyepesi. Thamostati ya bei nafuu inaweza kulishika. Kazi iko kwenye maji yasiyoonekana: yale yanayotakiwa yatoke ndani ya yai kidogo kidogo kwa siku 18, kisha yazuiwe siku tatu za mwisho.

Mashine yenyewe haina fahari. Ni friji bovu ambalo fundi wa jua kali alilitoa mtambo, akalitia balbu mbili, feni ya kompyuta na rafu za waya. Linachukua mayai 60 ya kienyeji. Wahenga walituachia ule msemo wa kuku wa mkata: hatagi, akitaga haangui, na akiangua, mwewe huchukua. Mama aliukata msemo huo katikati. Kuku wake wanataga, yeye anaangua, na vifaranga hulelewa ndani mpaka wapate mabawa.

Lakini mwalimu wake amebaki kuwa kuku. Kuku akitaka kuatamia hujinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi yenye joto iguse ganda. Huyageuza mayai kwa mdomo mara nyingi kutwa. Huinuka mara moja kwa siku, akala, akanywa, akajigaragaza vumbini, kisha akarudi. Siku 21 zikitimia, vifaranga wanatoka. Kinachofanywa na mashine ni kumwigiza kwa hesabu. Yenye feni hushikiliwa kwenye nyuzi 37.5. Isiyo na feni, hewa moto hupanda na kukaa juu, kwa hiyo kipimajoto huwekwa usawa wa migongo ya mayai na kutakiwa kisome zaidi kidogo ya 38. Joto likipungua kidogo kwa siku nyingi, vifaranga huchelewa na kuwa wanyonge. Likizidi, hutoka mapema, vitovu vyao havijafunga. Likipita 40 na kukaa hapo kwa muda mrefu, huweza kufa ndani.

Kwa mtu wa Voi hatari iko upande huo wa juu. Mji uko takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, kwenye nyanda kavu zinazopakana na mbuga ya Tsavo. Februari na Machi, chumba chenye paa la mabati tupu hugeuka tanuri ifikapo saa nane mchana. Thamostati inajua kuzima balbu, haijui kupoza. Ndiyo maana mashine ya Mama iko chumba cha nyuma, chini ya dari, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Hata kabla ya mashine, joto la Voi lina ujanja wake. Yai lenye mbegu likikaa kwenye nyuzi 25 au zaidi, uhai ulio ndani huanza kuamka, tena vibaya, kwa kusitasita. Ukiliacha mezani siku sita ukisubiri kutimiza idadi, unatia mashineni yai lililochoka. Mama huyahifadhi ndani ya mtungi uliozikwa nusu kwenye mchanga anaoumwagilia asubuhi na jioni, upande butu wa yai ukitazama juu. Hayaoshi. Yakipita siku saba, yanakwenda jikoni kukaangwa.

Sasa tuje kwenye maji.

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa huingia humo na unyevu hutoka humo. Yai linapopungua maji, mfuko wa hewa kwenye upande butu hupanuka, na humo ndimo kifaranga atakapovuta pumzi yake ya kwanza. Chumba chenye unyevu kupita kiasi huzuia maji kutoka: mfuko unabaki mdogo, kifaranga anavimba, anazama katika majimaji yake. Chumba kikavu mno hufanya kinyume: utando wa ndani unamkaza kifaranga kama nguo iliyorudi, hawezi kugeuka kulipasua ganda. Kati ya ajali hizo mbili kuna njia nyembamba: unyevu wa asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha 65 hadi 70 mpaka mwisho.

Mama ana sufuria mbili za kazi hiyo, moja nyembamba na moja pana. Mwanzoni nilidhani zinatofautiana kwa wingi wa maji. La. Maji huruka kutoka kwenye uso wake, kwa hiyo kinachohesabika ni upana wala si kina. Ukijaza sufuria nyembamba mpaka pomoni, umeongeza siku za kukaa bila kumimina tena; unyevu ni uleule. Ukitaka zaidi, tafuta chombo kipana, au tumbukiza ncha moja ya kitambaa, sehemu iliyobaki ikining'inia nje ya maji.

Kipimaunyevu hakiamini hivihivi. Kabla ya kila awamu huchukua kifuniko cha chupa, akakijaza chumvi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo iwe uji mzito, akakifungia pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Asubuhi hufungua na kutazama. Cha kwake husoma 69, na mgongoni amekibandika plasta iliyoandikwa "ongeza 6". Kipimajoto nacho hukitumbukiza kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa: kisiposoma sifuri, anajua akidai kiasi gani.

Kilichonifungua macho kabisa ni habari ya dada yake wa Wundanyi. Alinunua mashine kwa fundi yuleyule, akafuata maelekezo yaleyale, na vifaranga wake wakafia kwenye maganda, wamekauka. Ukitoka Voi kwa matatu, ukapita Mwatate na kuanza kupanda milima ya Taita, unaingia kwenye migomba, ukungu na ardhi yenye majimaji. Wundanyi inakaribia mita 1,400. Nani angedhani hewa ya kule ni kavu?

Lakini hewa baridi, hata ikijaa ukungu, hubeba maji machache. Chukua hewa ya asubuhi ya milimani, nyuzi 16, unyevu asilimia 90. Ipashe moto mpaka 37.5 bila kuongeza tone, na unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 25. Sasa chukua hewa ya Voi ya nyuzi 30, unyevu asilimia 50, hewa ambayo mtu angeilalamikia kwa ukavu. Ikipashwa vivyo hivyo inabaki na karibu 33. Ya ukungu imekuwa kavu kuliko ya nyika! Tena hewa ya Voi siku ya mvua, nyuzi 25 na unyevu 85, huingia mashineni ikiwa na zaidi ya 40 hata kabla ya kuwekewa sufuria. Mama hakufanya hesabu hii kwa kalamu. Aliifanya kwa miaka ya kugusa ukuta. Alimwambia dada yake aweke sufuria pana tangu siku ya kwanza, na vifaranga wakatoka.

Kwa kuwa hewa hubadilika, namba ya kipimo peke yake haimtoshi. Hulipima yai lenyewe. Mayai kumi huyatia alama ya penseli na kuyaweka kwenye mizani ya jikoni. Yakianza na gramu 420 kwa pamoja, siku ya 18 yanatakiwa yawe karibu 370, yaani yamepoteza kama asilimia 12. Siku ya saba na ya 14 huyamulika gizani kwa tochi ya simu, akitazama mishipa ikitambaa kama mizizi na mfuko wa hewa ukishuka. Yaliyo matupu huondolewa. Awamu hii ya Novemba yalikuwa tisa, na mengine mawili yakafa kabla ya siku ya 14.

Niliwahi kumuuliza kuhusu stima. Akanikumbusha usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipofunika karibu Kenya nzima. Mayai yake yalikuwa na siku 16. Hakukimbia huku na huko. Wiki ya tatu kiinitete kimekuwa kifaranga, nacho hutoa joto lake. Mayai mengi yakikaa pamoja hupashana. Alichemsha maji kwenye jiko la makaa, akayatia kwenye chupa za plastiki, akazipanga rafu ya chini, akafunika mashine kwa blanketi na kuyaacha wazi matundu ya hewa, maana aliye hai ndani anapumua. Kila baada ya muda alitoa yai moja na kuligusisha kwenye kope ya jicho. Likichoma, limezidi; likiwa halisikiki, si moto si baridi, liko sawa. Sikumwambia wakati ule kwamba waanguaji wa Misri, waliotumia tanuri za matofali ya udongo kwa karne nyingi kabla ya kipimajoto kubuniwa, walipima kwa kope vilevile. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na haidanganyi.

Siku ya 18 kugeuza hukoma. Mayai hulazwa juu ya kitambaa kikavu, sufuria pana inaingia, mlango unafungwa. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu kazi iliyobaki ni kutofanya kazi. Kifaranga kwanza hutoboa mfuko wa hewa, na ukitega sikio unamsikia akilia ndani. Kisha hutoboa ganda, akanyamaza. Ukimya huo unaweza kupita nusu siku, hata siku nzima, na ndio unaowashinda wengi. Kumbe anapumzika huku damu iliyo kwenye utando ikirudi mwilini na kiini kikiingia tumboni. Anayefungua mlango ili kumsaidia mmoja huachia unyevu utoke kwa pumzi moja, na utando wa wengine waliotoboa unakauka na kuwanasa.

"Wacha wenyewe," aliniambia nilipousogelea mlango. "Wana chakula tumboni. Hawana haraka, una haraka wewe."

Ni kweli. Kile kiini humtosha kifaranga hadi siku tatu bila kula wala kunywa. Walioanguliwa kwanza huweza kusubiri wenzao humo humo, wakikauka manyoya.

Siku ya 22 alifungua. Vifaranga 43, wakavu, wenye kelele, akawahamishia kwenye boksi lenye balbu. Nikadhani sherehe imekwisha. Akavuta kigoda, akatandika gazeti, akayachukua mayai sita yaliyobaki na kuyapasua moja moja. Mawili yalikufa mapema, madogo. Manne yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya, wamevimba, wametota ute.

Hakusikitika wala kujitetea. Alifungua daftari akarudi nyuma kwa kidole. Siku ya 11 mpaka ya 14 mvua haikukatika, na sufuria nyembamba ilikuwa bado ndani. Mizani siku ya 14 ilisoma gramu 389, ilhali alitarajia kama 381. Sufuria aliitoa siku hiyohiyo, lakini hadi ya 18 mayai yalikuwa yamefika 377 tu. Zile gramu saba ambazo hazikutoka zilikuwa mbele yake, juu ya gazeti.

Akalamba ncha ya penseli, akaandika chini ya namba za awamu hiyo: "Vuli. Mvua ikishika siku mbili, toa sufuria, usingoje mizani." Kisha akaenda kuosha mikono, maana kwenye mtungi yalikuwa yamekwisha kufika mayai kumi na manne.