"Kingamwili": Neno Moja, Dhana Tatu

Miongoni mwa istilahi zilizoenea tangu maradhi ya UVIKO-19 yalipoingia nchini mwaka 2020, "kingamwili" ndiyo inayostahili kuhakikiwa upya. Katika maandishi mbalimbali neno hili hubebeshwa dhana mbili: mfumo mzima wa mwili wa kujilinda, na protini maalumu ambazo mfumo huo huzitengeneza ili zinase virusi. Kasoro hiyo ilivumilika hadi ilipojitokeza dhana ya tatu.

Mwaka huo huo wa 2020 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 987 waliokuwa na homa ya mapafu ya kutishia maisha kutokana na UVIKO-19. Wagonjwa 101, na kati yao wanaume 95, walikutwa na protini za kinga zilizoshambulia intaferoni, yaani protini ambazo seli zilizovamiwa huzitoa mapema ili kupiga mbiu ya hatari. Mbiu ikizimwa, virusi huzaliana bila kizuizi.

Mfasiri afuataye kamusi neno kwa neno ataziita protini hizo "kingamwili binafsi". Tafsiri hiyo haifai. "Binafsi" ni sifa ya kitu cha mtu mwenyewe, kama mali au shule; haidokezi uadui hata kidogo. Isitoshe, neno UKIMWI lenyewe limejengwa kwa "kinga mwilini". Muuguzi wa Kilindoni, Mafia, akimwambia mvuvi wa Jibondo kwamba kingamwili yake imeharibika, huenda mvuvi akarejea kisiwani kwake akiamini kuwa ana UKIMWI. Kosa hapo si la mvuvi, ni la istilahi.

Mafia hiyo hiyo yatupa funzo. Kampeni ya taifa ya kugawa dawa za kukomesha matende na mabusha ilianzia huko mwaka 2000, na majina ya maradhi hayo hayakuhitaji kufafanuliwa kwa mwenyeji yeyote.

Twapendekeza, basi, "kinga" ibaki kwa mfumo. "Kingamwili" iwe ya protini peke yake. Na ile imgeukiayo mwenyewe iitwe "kingamwili asi". Asi ni mtu wa ndani aliyegeuka, si mgeni aliyevamia. Nao wahenga walikwisha kusema kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aidha, neno hili huzaa: mwitikio wenyewe utaitwa "uasi wa kinga".

Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao kabla hayajasanifiwa.