Kampuni ya Simu ya Siku Nne

Kuna video ambayo huitazama kila mwaka kati ya Krismasi na shule kufunguliwa, wakati watu wako ocha na Nairobi imebaki yetu sisi tusio na nauli. Si filamu. Ni rekodi ya kikao cha siku ya mwisho ya kongamano la wadukuzi huko Ujerumani, lile la Chaos Computer Club, na kikao chenyewe kina jina la kuchosha kabisa: Mapitio ya Miundombinu. Watu wenye usingizi machoni wanapanda jukwaani, kikundi baada ya kikundi. Wa intaneti, wa umeme, wa kurekodi video, wa huduma ya kwanza, wa simu. Kila kikundi kinapewa dakika chache za kueleza kilijenga nini, watu walikitumiaje, na nini kilikataa kufanya kazi. Halafu wanashuka kwenda kung'oa nyaya.

Nimesoma riwaya zilizoshinda tuzo ambazo hazikunipa kile ninachopewa na kikundi cha simu. Nataka kueleza kwa nini. Nataka pia kusema ni wapi kikao hiki hunikera, maana nimekitazama mara nyingi mno kukisifu tu.

Kwanza picha yenyewe. Klabu ilianzishwa Berlin mwaka 1981, na kongamano lake limekuwepo tangu 1984, siku nne, tarehe 27 hadi 30 Desemba. Mwaka 2019, Leipzig, walikuja watu takriban 17,000. Huo ni mji, na mji huo una simu zake. Watu wa kujitolea wanaojiita Eventphone hutundika antena za DECT kwenye kumbi (DECT ni ile teknolojia ya simu ya nyumbani isiyo na waya, kama ile iliyokuwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu) na yeyote aliyebeba kisimu cha aina hiyo anajisajili, anapewa namba ya tarakimu nne, anaanza kupiga. Bure. Kandokando kumekuwa pia na mtandao wa GSM, wa simu hizi zetu: unanunua laini yao, unaitia kwenye kabambe, inasoma. Masafa yanatoka kwa mamlaka ya Ujerumani kwa kibali cha muda, na siku zikiisha kibali nacho kimekwisha.

Si mchezo wa watoto. Ukipiga 112 kwenye simu hizo za ndani, wanaopokea ni wahudumu wa kwanza wa kongamano lenyewe. Mtu akianguka kwenye ngazi saa nane usiku, kati yake na bandeji kuna antena iliyofungwa na mtu ambaye kazi yake ya kulipwa huenda ni kitu kingine kabisa.

Sasa zile namba nne. Kumbuka simu za vibonye, ambapo 2 ilibeba ABC na 3 ikabeba DEF. Waliokwenda huko huchagua namba kwa neno zinaloandika, kwa hiyo kitabu cha simu cha kongamano ni kama diwani ya mashairi ya neno mojamoja. Nilikaa jioni nzima, bila bando, nikijiandikia langu la Kiswahili. UASI ni 8274. NJAA ni 6522. CHAI ni 2424, na nilikuwa nimeshaamua hiyo ndiyo yangu mpaka nikagundua kwamba BIBI pia ni 2424. Mashine haitofautishi. Atakayepiga akitafuta chai atampata bibi, na kwa nyumba nyingi ninazozijua hilo si kosa hata kidogo. Mhakiki mwenye digrii angekuwa na istilahi ya jambo hili. Mimi nililipenda tu.

Lakini kilichonishika hasa ni uaminifu wa ile tarehe ya mwisho.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, hadithi ndefu) nilisajili laini chini ya mwavuli kando ya stage kwa miezi minane. Kitambulisho, picha, jina kamili, karibu sana kwa familia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sukuma mkabala nami alichukua laini kwangu, akamlipa fundi wa rangi aiandike namba kwenye mbao za kibanda, tarakimu nyekundu, kila moja urefu wa kiganja.

"Na kijana, hii ni yangu kabisa?" akaniuliza.

"Ni yako, mathe."

Baadaye aliugua, akapelekwa kwao, akakaa huko miezi mingi bila kuweka kredo. Aliporudi namba ilikuwa ya kijana mmoja wa Eldoret, ambaye alikuwa mpole sana siku za kwanza, kisha akachoka kuulizwa bei ya sukuma. Masharti yalikuwa yameandikwa mahali, ati. Na mimi niliyemwambia ni yake sikuwa nimeyasoma.

Kwa hiyo nikimsikia mtu jukwaani Leipzig akisema mtandao unazimwa leo, nasikia kitu ambacho kampuni ya simu haijawahi kuniambia. Namba yako ilikuwa yako kwa siku nne. Hakuna aliyekudanganya kuhusu ya tano.

Kuna jambo la pili, na hapa naomba uvumilivu maana ni la kiufundi kidogo. Desemba 2008, kwenye kongamano la 25, Harald Welte na Dieter Spaar walionyesha namna mtu anavyoweza kuendesha mtandao wake mwenyewe wa GSM, kwa programu huria na mtambo wa zamani wa Siemens. Busta, kwa lugha ya mtaa. Kitu ambacho wengi wetu tulidhani kinaota tu juu ya vilima kikiwa na ua na mlinzi, kumbe kinanunulika kikiwa kimetumika na kuwashwa. Agosti iliyofuata wakakijaribu kwenye kambi ya wadukuzi Uholanzi. Sasa, kwenye kongamano hilohilo la 2008, watafiti wengine walionyesha kwamba kwa kadi rahisi ya kompyuta unaweza kusikiliza mazungumzo ya DECT. Na Desemba 2009 Karsten Nohl akasimama kueleza jinsi ya kuvunja usimbaji wa GSM.

Yaani chini ya paa moja kuna wanaoijenga simu na wanaoibomoa, wanapanga foleni moja ya kahawa, na bado wote wanapiga simu. Hakuna anayejifanya kwamba chombo ni salama kuliko kilivyo. Nimejaribu kukumbuka mahali pengine ambapo mwenye duka anampa jukwaa mtu wa kuonyesha ubovu wa bidhaa, halafu anaendelea kuigawa bure. Sijapata. Uhakiki wa vitabu hapa kwetu, kwa mfano, haujafika hapo. Tukizinduliwa kitabu tunapiga makofi na kula sambusa.

Turudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi yangu. Jumanne tarehe 25 Juni 2024, watu wakiwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora vibaya nchini. Siku moja kabla, mamlaka ilikuwa imetoa taarifa kwamba haina nia yoyote ya kuizima. Baadaye tukaambiwa ni nyaya za chini ya bahari. Ubishi huo uko kwingine, sitaufungua hapa. Mimi naangalia kitenzi. Taarifa za mtandao kupotea, za kampuni yoyote, huandikwa katika kauli ya kutendeka: huduma zimeathirika, muunganisho umekatika. Kiswahili kina zawadi hii mbaya, kitenzi kinachokamilisha kazi bila mtenda kazi. Kikombe kimevunjika. Nani alikivunja? Kimevunjika.

Kwenye Mapitio ya Miundombinu wanaongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, lakini nafsi inayotawala ni ya kwanza wingi. Sisi tulitundika, sisi tulikosea hesabu, sisi hatukulala. Tatizo lina sura, na sura ina fulana ya kikundi na miwani imekaa upande. Ukumbi unacheka, unapiga makofi, na nadhani unapiga makofi zaidi kwa kosa lililoelezwa vizuri kuliko kwa jambo lililofaulu. Hiyo ndiyo sanaa yao, na wamefika mbali nayo.

Wanavyonikera sasa.

Grafu kwanza. Kuna kitu kama ulevi wa takwimu kwenye kikao hiki: simu ngapi zimepigwa, vifaa vingapi vimeunganishwa, mstari unapanda, ukumbi unashangilia. Hakuna anayesema watu waliongea nini. Najua, kusikiliza ni dhambi, na heri wasisikilize. Lakini hata kisa kimoja cha mtu aliyempata rafiki yake kwenye umati kwa sababu ya simu ile, hakuna. Na mizaha yao ni ya ndani mno. Imenichukua miaka kuelewa kwa nini watu wazima wanachekelea picha ya choo. (Kwenye kambi yao ya kila baada ya miaka minne, iliyofanyika mara kadhaa katika kiwanda cha zamani cha matofali huko Mildenberg, vyoo vya plastiki vya kukodisha hugeuzwa makabati ya mitambo ya mtandao uwanjani. Vinakinga mvua, vina mlango, gari la kuvibeba lipo. Nakubali, ni akili.)

Halafu neno malaika. Wanaojitolea kongamanoni huitwa malaika, na mahali pa kugawa zamu panaitwa Mbingu. Neno tamu, lakini malaika hana landlord. Malaika haombi ruhusa kazini, hapangi foleni ya viza kwenye ubalozi akiwa na stetimenti ya benki ya miezi kadhaa. Wa kongamano wana jiko lao, wanalishwa vizuri, sikatai. Ila kikao kinapowashukuru waliokuja kujitolea, kamera ikiuzungukia ukumbi, mimi huona ni nani aliyeweza kuja. Ni watu wenye siku nne za bure mwisho wa mwaka na pasipoti isiyoulizwa maswali. Uhuru wa kuwa kampuni ya simu kwa siku nne una kiingilio, na kiingilio chenyewe si tiketi tu.

Na zile siku nne, ambazo nimezisifu hapo juu, ndizo pia udhaifu wao mkubwa. Mtandao unaokufa tarehe 30 haujui mwezi wa pili. Haujui mteja aliyekataa kulipa, betri iliyoibwa, kijiji kilichogawanyika kuhusu nani anashika ufunguo wa mtambo. Ni rahisi kusema ukweli mbele ya ukumbi ambao kesho haupo.

Ndiyo maana nikimaliza video huwa nahamia Meksiko. Katika milima ya Oaxaca kuna mji mdogo wa Wazapoteki uitwao Talea de Castro, wenye watu elfu mbili na kitu, ambao kampuni kubwa ziliona ni wachache mno kustahili mnara. Mwaka 2013, wakisaidiwa na shirika la Rhizomatica, wakajiwekea mtandao wao wa simu kwa programu huria za ukoo huohuo wa wadukuzi. Walilipa kidogo sana kwa mwezi. Na wakajiwekea sheria: simu moja isizidi dakika tano, ili laini zisijae.

Dakika tano! Hapo kuna riwaya nzima. Mwanao yuko Los Angeles, unajua jirani naye ana wake, na saa inahesabu. Kongamano la Ujerumani halikuwahi kuhitaji kuandika sentensi hiyo, kwa sababu huko hakuna anayempigia mama yake kwa mtandao ule. Talea ilibidi iandike, halafu iishi nayo, na watu wagombane juu yake mkutanoni. Mwanaanthropolojia Roberto J. González amekiandikia mtandao huo kitabu, Connected, cha mwaka 2020, na mambo hayakuisha kama hadithi za wafadhili: kampuni ya kibiashara iliingia mjini, na mtandao wa watu wenyewe ukafifia. Vijiji vingine vya Oaxaca viliendelea, na mwaka 2016 serikali ikawapa kibali rasmi kupitia chama chao.

Hapa kwetu kuna TunapandaNET, Kibera, mtandao wa jamii wa intaneti, na tangu 2021 Kenya ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya namna hiyo. Ningependa kuona mapitio ya miundombinu yao, jukwaani, kwa Kiswahili, kwa nafsi ya kwanza wingi. Ningelipa kiingilio.

Mathe wa sukuma alichukua laini nyingine, si kwangu, mimi nilikuwa nimeshatoka chini ya mwavuli. Fundi wa rangi alirudi akapaka bluu juu ya nyekundu, akaandika namba mpya kwa nyeupe. Alibana matumizi ya rangi. Ukisimama karibu, na jua likiwa upande wa barabara, ile ya zamani bado inasomeka.