Nani analipa bilete ya yule anayejitolea?

Wandugu wa lisansi, na ninyi mungali mu oditwari, tukikaa kwa bugali ya muhogo hatuulizaka nani aliandika kiasi cha sumu kinachoweza kubakia mu unga. Lakini kuna watu waliandika. Kiwango cha Codex Alimentarius cha unga wa muhogo, namba 176 ya mwaka 1989, kinasema asidi ya sianidi isipite miligramu 10 kwa kilo moja. Kwetu hii si mambo ya karatasi tu. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, ulielezwa na daktari Trolli mu Kwango, hapa hapa Kongo, mu 1938. Kwa hiyo tuko na haki ya kuuliza: siku norme kama hizi zinajadiliwa, nani anakaa mu ile sale, na nani alimulipia bilete?

Codex ilianzishwa na FAO na OMS mu 1963. Leo iko na wanachama 189, Umoja wa Ulaya ukiwa mumoja wao. Kisheria hailazimishi mutu. Lakini tangu 1995, mkataba wa OMC juu ya usalama wa chakula unachukua viwango vya Codex kama kipimo wakati nchi mbili zinagombana juu ya bidhaa. Kongo iko ndani ya OMC tangu 1997. Kwa hiyo neno linaloandikwa kule linafika mpaka ku mupaka wetu.

Sasa tuangalie pesa. Nchi inayopokea komite njo inalipa mkutano wenyewe: sale, sekretarieti, wakalimani. Uholanzi inapokea komite ya vichafuzi, na aflatoksini ya mahindi na karanga iko mule. China inapokea komite ya viongezo vya chakula na ile ya mabaki ya dawa za wadudu. Marekani inapokea ile ya usafi wa chakula. Halafu kila ujumbe unajilipia safari, chakula na kitanda. Ku karatasi ni usawa kamili: kila nchi iko na kiti kimoja, kila nchi inajitegemea. Lakini usawa wa kiti hauna maana kama njia ya kufikia kile kiti haiko sawa.

Wanasemaka kazi hii inafanywa na watu wa kujitolea. Hapo tusidanganyane, juu kujitolea kuko kwa namna nyingi. Wa kwanza ni mwanasayansi wa zile kamati za wataalamu za FAO na OMS, kama JECFA ambayo iko tangu 1956. Hapati mshahara wa ile kazi, lakini bilete na perdiemu anapewa. Wa pili ni mutu wa kampuni kubwa ya chakula ao ya dawa za shamba. Anaitwa mjumbe ao mtazamaji, lakini mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi kama kawaida, na mkutano ni sehemu ya kazi yake. Wa tatu ni mtafiti wa Mulungu ao wa Yangambi. Huyu akitaka kwenda, visa ya Ulaya anaiomba Kinshasa, na kutoka Kivu mpaka Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea, lazima ndege. Kabla hajaona mlango wa mkutano, amekwisha kula pesa ya miezi. Hawa watatu tunawaita jina moja, wa kujitolea. Mi naona ile jina inaficha kuliko inavyoonyesha: mumoja anatoa akili yake, mwingine anatoa muda wa bosi wake, wa tatu anatoa chakula cha watoto wake.

Kuna watakaosema: mutu mumoja zaidi mu sale atabadilisha nini? Tukumbuke Julai 2012, ku Roma. Tume ya Codex ilipiga kura juu ya raktopamini, ile dawa inayopewa nguruwe na ng'ombe ili waongeze nyama. Kura 69 zilikubali kiwango, 67 zilikataa, 7 hazikuchagua upande. Tofauti ni kura mbili. Wanachama walikuwa zaidi ya 180, maana yake zaidi ya viti 30 havikutoa sauti yoyote. Na kura yenyewe ni kitu cha nadra. Kawaida Codex inatafuta makubaliano, na mu makubaliano asiyekuwepo anahesabiwa kama aliyekubali.

Wale wakubwa wa Codex waliiona hii shida, tuwape haki yao. Mu 2003 mfuko wa msaada ulianzishwa, na mu 2004 ulianza kulipia wajumbe wa nchi maskini, pesa ikitoka kwa serikali tajiri na Umoja wa Ulaya. Ulikuwa na faida ya wazi: watu walifika, walijifunza namna ya kusema mule ndani. Lakini bilete ya msaada iko na tarehe ya mwisho. Mfuko wa kwanza ulifungwa mu 2015. Wa pili, ulioanza 2016, ulibadilisha njia: nchi inaandika projet, inashindana na zingine, na ikichaguliwa inasaidiwa kujenga komite yake ya nyumbani. Kwa wazo, huu wa pili ni bora. Mutu aliyefika na bilete bila msimamo wa nchi anarudi na mufuko wa zawadi na picha. Ila uko na kasoro yake: unaomba nchi isiyo na komite yenye nguvu iandike dosye nzuri ili ipewe komite yenye nguvu. Mwenye mutumbwi njo anavushwa.

Wengine wanasema intaneti imemaliza shida. Kweli, mu 2020 Tume yenyewe ilikutana kwa video. Bilete ikaanguka, lakini umeme, megabaiti na siku nzima za kazi bado zinalipwa na mutu. Na kazi kubwa inafanyika mbele ya mkutano, mu vikundi vya kuandikiana ambavyo mara nyingi vinatumia Kiingereza, na siye tulisoma kwa Kifaransa.

Na kosa si la nje tu. Kwetu, habari ya misioni ya Ulaya ikifika, swali la kwanza ni perdiemu ngapi, la pili ni mukubwa gani anaenda. Yule anayejua kupima aflatoksini anabaki mu labo. Pesa ikitoka kwa mfadhili hakuna anayeuliza ripoti, juu haikutoka mu mufuko wa mutu.

Mambo yanasogea karibu. Tangu 2022 Kongo iko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kiwango cha mahindi cha jumuiya kinakubali aflatoksini mikrogramu 10 tu kwa kilo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania juu ya ile sumu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti. Siku ikifika kwa mahindi yetu, mama wa soko hataulizwa kama mjumbe wake alipata visa.

Kwa maoni yangu, serikali iweke mu bajeti mstari mudogo wa norme, na ulipe mambo matatu kwa mpangilio: kwanza vipimo vya chakula chetu, pili siku za kuandaa msimamo, tatu bilete. Anayeenda awe yule aliyeandika msimamo, na ripoti yake itoke mbele ya watu. Mashirika ya wakulima na vyuo vikuu wachangie hata kidogo, juu anayechanga anapata haki ya kuuliza: ulisema nini kule, kwa jina letu?